Kurkumini maabarani: mwongozo kamili, kuanzia kichupa kinapofika hadi matokeo unayoweza kuyatetea

Kurkumini ndiyo inayoyapa manjano, kile kiungo cha chakula, rangi yake. Vogel na Pelletier waliitenga mwaka 1815, na ikapita miaka mingine 95 hadi Miłobędzka, Kostanecki na Lampe walipobainisha umbo la molekuli yake mwaka 1910. Leo inafika maabarani kama unga wa rangi ya chungwa ndani ya kichupa kidogo kilichoandikwa "kwa utafiti tu", na mtu yeyote mwenye mizani na DMSO (kiyeyushi cha maabara) anaweza kuanza kuifanyia majaribio siku hiyo hiyo. Wepesi huo wa kuanza unaficha mengi. Mara nyingi unga wenyewe ni mchanganyiko. Hauyeyuki kwenye maji, unaharibiwa na mwanga, unavunjika haraka kwenye pH (kipimo cha uasidi) inayokaribia ya damu, na rangi yake inaingilia vipimo vingi tunavyovitegemea kila siku.

Niliyajua haya kwa kuumia. Kwa karibu miezi minne niliziwekea seli myeyusho nilioutengeneza mara moja na kuuacha kwenye kichupa cha kioo angavu juu ya meza. Matokeo yalikuwa yanapanda na kushuka, nami nikalaumu seli, nikalaumu vifaa, nikabadilisha hata pipeti. Siku nilipouingiza ule myeyusho kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho), zaidi ya nusu ya rangi ilikuwa imekwisha. Tangu hapo nina kanuni moja, na hatua zote zilizo hapa chini zinatoka humo: usiseme kurkumini imefanya jambo lolote kabla hujapima kilichomo kwenye tyubu.

Anza na cheti, siyo kichupa

Kila mzigo unapaswa kuja na cheti cha uchambuzi. Kisome kabla hujavunja lakiri. Angalia kwanza namba ya bechi kwenye cheti ifanane na ya kwenye kichupa; zisipofanana, karatasi hiyo si ya unga wako. Namba ya utambulisho wa kikemia ni 458-37-7, fomula ni C21H20O6, na uzito wa moli ni gramu 368.38.

Kisha nenda kwenye usafi, na hapa soma polepole. Manjano hayatoi kurkumini peke yake. Yanatoa ndugu watatu: kurkumini, demethoksikurkumini na bisdemethoksikurkumini. Bidhaa ya kawaida inayouzwa kwa jina la kurkumini huwa na takribani asilimia 77 ya kurkumini, 17 ya demethoksikurkumini na 3 ya bisdemethoksikurkumini. Kwa hiyo cheti kinaposema "usafi asilimia 97", jiulize: asilimia 97 ya nini? Inaweza kuwa ya kurkumini yenyewe, na inaweza kuwa ya ndugu wote watatu kwa pamoja. Kama cheti hakisemi, mwandikie muuzaji umwombe picha ya kromatogramu (mchoro unaoonyesha viambata vilivyotenganishwa) ya bechi hiyo. Muuzaji makini ataituma. Asipoituma, chukulia kwamba una mchanganyiko hadi utakapothibitisha vinginevyo mwenyewe.

Mchanganyiko si lazima uwe mbaya. Kama unalinganisha kazi yako na tafiti zilizotumia mchanganyiko, huenda ndio unaoutaka. Kosa ni kutumia mchanganyiko huku ukiandika kana kwamba ni molekuli moja. Ukitaka kujua molekuli hiyo moja inafanya nini, nunua iliyotengenezwa kwa usanisi au iliyosafishwa kwa kromatografia (njia ya kutenganisha viambata).

Angalia pia mstari wa metali nzito, hasa risasi. Imewahi kuthibitishwa kwamba manjano ya kusaga huchanganywa na kromati ya risasi ili yang'ae zaidi, na risasi kwenye jaribio la seli ni balaa isiyoonekana.

Na maneno "kwa utafiti tu" yachukulie kwa uzito wake wote. Unga huo haukutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya kumezwa. Usimpe mtu, hata akikuomba kwa kuwa amesikia manjano ni dawa.

Kuhifadhi, na dakika ishirini za kusubiri

Ukiwa mkavu na gizani, unga ni mtulivu. Uweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya chombo kilichofungwa vizuri chenye pakiti ya silika jeli, na ufunge kichupa kwa karatasi ya alumini hata kama ni cha kahawia.

Kosa linalofanyika sana ni kutoa kichupa kwenye friza na kukifungua papo hapo. Hewa ya chumba ikikutana na unga wa baridi, unyevu unaganda juu yake, na siku inayofuata unapima uzito wa maji pamoja na kurkumini. Kitoe, kiache kimefungwa juu ya meza kwa dakika 20 au zaidi hadi kioo kisihisike baridi mkononi, ndipo ukifungue. Kama kichupa ni kikubwa, siku ya kwanza tu kigawe katika vichupa vidogo vya miligramu chache, ili usilazimike kukifungua chote kila wiki.

Kabla hujaendelea, fanya jaribio dogo lifuatalo. Linachukua muda mfupi na halisahauliki. Chukua vipande viwili vya karatasi ya kuchujia, dondoshea kila kimoja tone la kurkumini iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, acha vikauke. Kimoja kifunike kwa alumini, kingine kiache wazi, vyote viwili viweke dirishani penye jua. Rudi baada ya saa kadhaa. Doa lililofunikwa litakuwa bado la manjano iliyokolea. Lililoachwa wazi litakuwa limepauka. Yaliyolipata doa hilo ndiyo yanayoupata myeyusho wako ukiuacha mezani.

Kupima uzito na kutengeneza myeyusho wa akiba

Vaa glavu, miwani na koti. Unga ni mwepesi, hushikwa na umeme tuli na kuruka, na unatia doa kila unachogusa. DMSO nayo inapenya ngozi na kupita na vilivyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo glavu iliyolowa ibadilishwe mara moja. Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa ethanoli; maji yatauburuza tu mezani bila kuuyeyusha.

Kwa kazi nyingi za seli, akiba (myeyusho mkali wa kuzimuliwa baadaye) ya milimola 10 kwa lita kwenye DMSO inatosha. Hesabu yake ni hii: milimola 10 ni sawa na miligramu 3.684 kwa kila mililita. Usihangaike kupima 3.684 kamili. Pima karibu miligramu 5, andika namba ambayo mizani imeonyesha, kisha rekebisha ujazo wa DMSO. Ukipata miligramu 5.00 na usafi ni asilimia 98, una miligramu 4.90 za kurkumini, na 4.90 ukigawa kwa 3.684 unapata mililita 1.33. Weka ujazo huo. Ukipima miligramu chini ya 2, kosa dogo la mizani linakuwa kosa kubwa la ukolezi. Afadhali utumie unga zaidi kuliko kujidanganya.

Tumia DMSO kavu, kutoka chupa iliyofunguliwa karibuni, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi. Tikisa hadi usione chembe hata moja ukiishikilia tyubu kwenye mwanga hafifu. Rangi iwe ya chungwa iliyo angavu, bila ukungu.

Gawa papo hapo kwenye vichupa vya kioo vya kahawia, kila kimoja kiwe na kiasi cha jaribio moja, uvihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kichupa kikishayeyuka hakirudi friza. Kumbuka DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, hivyo hata kwenye chumba chenye kiyoyozi inaweza kuwa imeganda nusu. Ukichota kwenye tyubu iliyoyeyuka nusu, unachota ukolezi usioujua. Subiri iyeyuke yote, tikisa tena, ndipo uchote.

Thibitisha ulichonacho

Kama huna mashine kubwa, kromatografia ya tabaka jembamba itakuambia mengi kwa gharama ndogo. Ukiwa ndani ya kabati la kufyonza mvuke, andaa klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 95 kwa 5, weka tone dogo la myeyusho wako kwenye bamba la silika, acha kiyeyushi kipande. Kwa bidhaa ya mchanganyiko utaona madoa matatu ya manjano bila kuhitaji dawa ya kupulizia: la juu kabisa ni kurkumini, la kati ni demethoksikurkumini, la chini ni bisdemethoksikurkumini. Kwa bidhaa safi utaona moja. Mara ya kwanza nilipoona madoa matatu yakijitenga kutoka tone moja la unga ulioandikwa "safi", niliamua kwamba hakuna bechi itakayoingia kwenye seli zangu bila kupita kwenye bamba hilo.

Ukiwa na HPLC (mashine ya kromatografia ya kimiminika), safu ya C18 pamoja na asetonitraili na maji yaliyotiwa asidi kidogo inatosha, ukisoma karibu na nanomita 425. Mpangilio unageuka: bisdemethoksikurkumini hutoka kwanza, kurkumini mwisho. Asidi usiiache, maana bila hiyo vilele vinapanuka na kuingiliana.

Kisha pima ukolezi kwa spektrofotomita. Chukua mikrolita 10 za akiba ya milimola 10, weka kwenye mikrolita 990 za ethanoli. Hapo una mikromola 100. Chukua mikrolita 50 za hiyo, weka kwenye mikrolita 950 za ethanoli; sasa una mikromola 5. Soma kwenye nanomita 425, kuveti (kikombe kidogo angavu cha kupimia) ya sentimita 1. Kiwango kinachotumika kwa kurkumini kwenye ethanoli ni ufyonzaji wa 1607 kwa myeyusho wa asilimia 1, na ukikipigia hesabu, mikromola 5 inapaswa kukupa takribani 0.30. Ukipata 0.20, karibu theluthi moja ya kurkumini uliyodhani unayo haipo: huenda ulipima vibaya, huenda haikuyeyuka yote, huenda imeharibika.

Zingatia kwamba spektrofotomita inahesabu rangi, haijui majina. Ndugu wote watatu wanafyonza mwanga karibu na eneo hilo hilo. Ndiyo maana bamba na spektrofotomita vinakwenda pamoja: bamba linasema ni nani waliomo, mashine inasema ni kiasi gani.

Nusu saa inayoamua kila kitu

Kama utafanya hatua moja tu kati ya hizi zote, fanya hii.

Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba kurkumini ikiwekwa kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike) ya fosfati yenye pH 7.2 kwa nyuzi 37, bila seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe), karibu asilimia 90 yake huvunjika ndani ya dakika 30. Ikiwa ndani ya kimiminika cha kukuzia seli chenye asilimia 10 ya seramu, chini ya asilimia 20 huvunjika katika saa ya kwanza, na baada ya saa 8 karibu nusu huwa bado ipo. Maana yake ni kwamba jaribio la saa 24 kwenye seli zisizo na seramu ni jaribio la mabaki ya kurkumini kwa sehemu kubwa ya muda huo.

Usiamini maandishi tu, jionee. Pasha spektrofotomita ifike nyuzi 37. Andaa kuveti tatu, zote zikiwa na bafa ya pH 7.4. Ya kwanza iwe bafa pekee. Ya pili iongezewe askobati ya sodiamu (chumvi ya vitamini C). Ya tatu iwe na asilimia 10 ya seramu. Kila moja iwe na sifuri yake, yaani kuveti nyingine yenye vitu hivyo hivyo bila kurkumini. Ongeza kurkumini ifikie mikromola 10, changanya, soma mara moja, kisha rudia kila baada ya dakika 5 hadi nusu saa iishe.

Kuveti ya kwanza itapauka mbele ya macho yako. Ya pili na ya tatu zitashikilia rangi kwa muda mrefu zaidi. Askobati inasaidia kwa kuwa sehemu kubwa ya uvunjikaji ni oksidisho. Seramu inasaidia kwa kuwa kurkumini inajishikiza kwenye albumini, protini ya seramu, na kukaa mbali na maji. Nimesema askobati ya sodiamu makusudi. Ukiweka asidi askobiki moja kwa moja bila kurekebisha pH, utashusha pH, na kurkumini itatulia kwa sababu ya asidi tu. Utafurahia matokeo ambayo chanzo chake ni kingine.

Jambo moja zaidi kuhusu kuveti hizo: kushuka kwa rangi kunaweza kuwa kuvunjika, na kunaweza pia kuwa kutuama. Kurkumini isiyoyeyuka vizuri huzama au hunata ukutani. Baada ya nusu saa, mimina kuveti na uisuuze kwa ethanoli. Ethanoli ikitoka ya manjano, sehemu ya kurkumini yako haikuvunjika, ilikuwa imejificha ukutani. Tikisa na usome upya siku nyingine ukitumia ukolezi mdogo zaidi.

Kuipeleka kwenye seli

Zimua polepole. Ukitupa DMSO yenye kurkumini kwenye maji kwa mkupuo, itajikusanya kuwa chembe. Ongeza kidogo kidogo huku ukichanganya, kwenye kimiminika chenye uvuguvugu na seramu, na ukitumie ndani ya dakika chache. Kisha weka tone chini ya hadubini kabla hujakigawa kwenye sahani. Ukiona sindano ndogo za manjano zinazong'aa, ukolezi ulioandika kwenye daftari si ukolezi zinaoupata seli.

Mikrolita 1 ya akiba ya milimola 10 kwenye mililita 1 inatoa mikromola 10 na DMSO ya asilimia 0.1, kiwango ambacho seli nyingi huvumilia. Visima vyote vya sahani, pamoja na visima dhibiti (vya kulinganishia, visivyo na kurkumini), viwe na DMSO ile ile. Kuongeza DMSO pamoja na dozi ni kosa dogo kwenye daftari lakini linaharibu jedwali zima.

Pamoja na DMSO tupu, mimi huweka kidhibiti cha pili ambacho wengi hukiruka: kurkumini iliyokwisha kuvunjika. Chukua kiasi kile kile, kiache kwenye bafa ya nyuzi 37 usiku kucha, kisha kiweke kwenye seli. Miongoni mwa mabaki yanayotajwa kuna vanilini na asidi feruliki, na vitu hivyo si maji. Kama mabaki yanafanya kazi sawa na kurkumini mpya, swali lako la utafiti limebadilika, na ni vizuri ulijue mapema.

Rangi na tabia zinazodanganya vipimo

Kurkumini inafyonza mwanga wa bluu na kutoa mng'ao wa kijani. Kipimo chochote kinachosomwa kati ya nanomita 405 na 450 kiko hatarini: vipimo vya kingamwili vinavyoishia na rangi ya manjano ya nanomita 450, kipimo cha uhai wa seli cha WST-8, vipimo vya fosfatasi vinavyosomwa 405. Kwenye hadubini ya mng'ao na kwenye saitomita (mashine ya kuhesabu seli moja moja kwa mwanga), chaneli ya kijani itawaka hata pasipo kipakwa rangi chochote. Weka visima vyenye kurkumini bila seli, na seli zenye kurkumini bila kipakwa rangi, kila mara, siyo siku ya kwanza tu. Ukiweza, chagua rangi nyekundu au kipimo cha mwangaza usiotegemea rangi, au zioshe seli na ubadilishe kimiminika kabla ya kusoma.

Kwenye vimeng'enya, hatari ni nyingine. Kurkumini hujikusanya kuwa makundi yanayonasa protini, hushika metali, na hujifunga kikemia kwenye amino asidi zenye salfa. Kwa hiyo inaweza kuonekana inazuia karibu kila kimeng'enya unachoipa. Rudia jaribio ukiongeza Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 0.01. Kizuizi kikitoweka, ulikuwa unapima makundi, siyo ufunguo unaoingia kwenye kufuli. Kisha thibitisha kwa njia ya pili isiyotegemea mwanga. Mapitio ya wanakemia yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliiweka kurkumini miongoni mwa viambata vinavyozalisha matokeo ya uongo kwa njia nyingi, na yakabainisha kwamba pamoja na majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, hakuna lililofanikiwa kati ya yale yaliyopangwa kwa udhibiti kamili wa dawa tupu na kwa kuficha pande zote mbili. Hilo halinifanyi niache kuichunguza. Linanifanya nitake kila kisima kiwe na kidhibiti chake.

Unachoandika kwenye daftari na kwenye ripoti

Andika namba ya bechi, tarehe ya kuufungua unga, usafi na maana ya usafi huo, uwiano wa ndugu watatu kama unaujua, miligramu zilizopimwa, ujazo wa DMSO, na ufyonzaji uliousoma siku ya jaribio pamoja na ule uliotarajiwa. Andika kama seramu ilikuwepo na kwa asilimia ngapi. Andika taa zilikuwa zimewashwa au kuzimwa, na kimiminika kilikaa muda gani kabla ya kufika kwenye seli.

Badala ya sentensi ya "seli zilipewa mikromola 10 za kurkumini kwa saa 24", andika kiasi kilichokuwepo mwanzoni, kiasi kilichobaki mwishoni kama ulikipima, na mahali kilipopimiwa. Mwanafunzi atakayeirithi kazi yako atafungua friza, atatoa kichupa chako kilichofungwa alumini, na ataweza kulinganisha ufyonzaji wake na ule ulioandika wewe.